Somo la Kupumua

Fundi cherehani alifunga duka lake tena, akatandika kitenge kwenye sakafu ya ukumbi wa warsha ya uigizaji na kujilaza chali kama washiriki walivyoamriwa. Pembeni yake alilala binti yake, ambaye safari hii naye aliitwa msanii chipukizi. Mama mtu alianza kuitwa chipukizi wakati binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na sasa mvi zilikuwa zimemjaa kichwani.

Mkufunzi aliyeletwa kutoka mji mkuu alikuwa mgeni, kama wote waliomtangulia. Kila mwaka huja mwingine, hufundisha kupumua kwa tumbo, hupiga picha ya pamoja, kisha huyo, hapatikani hata kwa simu.

"Vuta pumzi," alisema mkufunzi. "Taratibu."

"Mwalimu," alisema fundi bila kuinuka, "mwaka juzi tulipumua, mwaka jana tukapumua. Mwaka huu tunaomba tuigize."

Watu wakacheka chini chini. Mkufunzi akatabasamu, lile tabasamu la kubembelezea mtoto. "Mama yangu, lazima tuanze na msingi."

"Nyumba gani hii, kila mwaka inachimbwa msingi na ukuta hauonekani?"

"Taratibu, mama. Haya, toeni pumzi."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Fundi naye akashusha yake, maana angefanya nini? Binti akamgeukia, macho yakimng'aa kwa hamu.

"Mama, hili likiisha, somo la pili ni lipi?"

"Sijui, mwanangu," alijibu. "Sijawahi kulifikia."