Bi Tabu na Mkate wa Samaki Baridi

Bi Tabu wa Tandika alipikia watu harusi mpaka mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, kwa kukoroga masufuria. Ukitaja pilau Temeke yote, yuko mtu atakayemtaja yeye. Kwa hiyo mjukuu wake Farida alipokaa mbele ya sahani ya wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua, Bi Tabu aliona dunia imegeuka chini juu.

"Kula, mume wangu," akasema, maana mabibi wa Pwani huwatania wajukuu hata wakiwa wa kike.

"Nakula, bibi," Farida akajibu, akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, asile.

Mtoto alikuwa na miaka saba, mwenye adabu zake, na kila jambo kwake lilianza na shikamoo na kuishia na ahsante. Aliletwa Alhamisi jioni na baba yake Abdulrahman, mtoto wa pekee wa Bi Tabu, ambaye siku hizi anakaa Msasani na mkewe Munira. Abdulrahman hakukaa hata kunywa chai. Alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasema maneno yake.

"Mama, likizo iliyopita alirudi kakonda, Munira akalia siku nzima. Nakuja Jumapili asubuhi. Nikikuta hali chakula, naondoka naye, na likizo hii ataimalizia kwa bibi yake wa Kawe."

Bibi wa Kawe. Bi Tabu alimeza hilo neno kama kidonge kisicho na maji. Bibi wa Kawe ni mama yake Munira, mwanamke mzuri, hana ubaya na mtu, lakini mchuzi wake unaweza kufulia shuka. Yeye anyang'anywe Farida, apewe huyo?

Basi Ijumaa ikawa siku ya vita. Asubuhi maandazi yaliyotoka kwenye mafuta yakilia. Mchana wali na pweza. Jioni muhogo wa nazi, moshi unapanda mpaka darini. Na kila mara ikawa vilevile: Farida akae, atazame sahani, asubiri, atazame tena. Bi Tabu alikuwa haondoki hapo ubavuni. Akiona moshi umepungua kwenye chakula, moyo unamuuma, anainyakua sahani.

"Kimepoa hiki. Nikupashie."

Anakwenda jikoni, anakirudisha kinatokota. Mtoto anatazama tena. Mwisho wa yote, "Nimeshiba, bibi, ahsante," na sahani imejaa.

Jioni hiyo walikaa mkekani barazani. Bi Tabu alipokuwa na dhiki moyoni, dawa yake ilikuwa vitendawili.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," akasema Farida, uso ukamchangamka.

"Nampiga, nampiga, halii. Anavimba tu."

Farida akafikiri. "Kaka yake rafiki yangu Recho?"

"Siye."

"Mpira?"

"Siyo. Umeshindwa, nipe mji."

Farida hakuwa na miji mingi. "Nakupa Dubai."

"Ehee. Nilikwenda Dubai, nikapokewa na watu weupe kwa weusi, nikaulizwa Tandika hawajambo, nikasema hawajambo, ila yuko mtoto mmoja hali. Ni unga wa maandazi, huo. Unaukanda, unauchapa, unaumuka." Akamvuta mtoto ubavuni kwake. "Sasa niambie kweli, mume wangu. Kitu gani wewe ukikiona unakila?"

"Sandwichi ya tuna," Farida akasema bila kusita. "Baba ananinunuliaga Jumamosi, dukani karibu na kwetu."

"Ikoje hiyo?"

"Kuna mkate chini, mkate juu. Katikati samaki kachambuliwa. Na kitu cheupe. Na vitu vidogo vidogo, ukitafuna vinafanya kwa kwa kwa."

"Ya moto?"

"Hapana, bibi. Ya baridi, inatoka kwenye friji."

Samaki baridi. Katika nyumba aliyokulia Bi Tabu, samaki baridi alikuwa kiporo, na kiporo huliwa na wenye nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Ukimwekea mgeni samaki baridi ni kama umemtolea viatu vyake nje. Na huko Msasani watu wanatoa hela, wanapewa, wanasema ahsante?

Lakini Jumapili haikuwa mbali, na Kawe iko palepale.

Jumamosi mapema akaingia sokoni na kikapu. Mbwana, muuza samaki wake wa siku zote, akaacha kisu.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba. Tuna unayo?"

Mbwana akamtazama, kisha akatazama kipande kikubwa chekundu mezani kwake. "Si huyu hapa, jodari. Unamnunuaga kila mwezi wewe."

"Huyu ndiye tuna?"

"Akifika Msasani anabadili jina, bibi. Na bei."

"Mie nikatie kwa jina lake la Tandika," Bi Tabu akasema.

Akarudi nyumbani na jodari, na slesi za mkate kutoka kwa Mangi wa dukani. Akaingia jikoni kwa imani kamili. Mtoto alisema samaki na kitu cheupe. Sasa hapa Pwani, kitu cheupe cha kwenda na samaki ni kipi kama si tui la nazi? Akakuna nazi, akakamua tui zito la kwanza, akamchemsha jodari humo na ndimu na kitunguu saumu mpaka mtaa mzima ukanusa. Akachambua, akachota, akamwaga juu ya slesi, akafunika na slesi nyingine, akaiweka sahani mbele ya Farida ikifuka moshi.

Wakaitazama wote wawili. Slesi ya juu ikaanza kuzama taratibu, katikati kwanza. Ya chini haikuonekana tena. Tui likatafuta njia, likatiririka ukingoni, likadondoka mkekani.

"Bibi," Farida akasema kwa upole, "sandwichi inalia."

Hapo ndipo alipoingia Mama Theonest, jirani wa mlango wa pili, mtu wa Bukoba, anayeuza barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaa. Alikuja kufuata harufu, wala hakuficha.

"Shikamoo, Bi Tabu. Hicho ni nini, uji?"

"Marahaba. Ni sandwichi."

Mama Theonest akainama, akaichunguza, akajiinua. "Hiyo italiwa na kijiko. Na anayekula avae nguo za kufulia."

"Ungejua nilivyo, usingenitania leo." Bi Tabu akamweleza habari yote, ya Abdulrahman, ya Jumapili, ya Kawe.

Mama Theonest akasikiliza hadi mwisho, akaikalia ndoo iliyopinduliwa. "Sasa nyie watu wa Pwani, mkiona cheupe basi ni nazi. Mtoto anasema mayonizi. Ile wanayowekea chipsi. Mangi anayo ya pakiti. Na hiyo nyama ya samaki lazima ipoe kwanza, mama, ipoe kabisa. Ukiiweka mayonizi kwenye moto inakatika, inabaki mafuta."

"Ipoe," Bi Tabu akarudia, kama aliyeambiwa auze nyumba.

"Ipoe. Mie nina friji. Leta bakuli, nitalibana kwenye barafu zangu."

Basi likaanza zoezi la pili. Jodari akachemshwa kwa maji, chumvi na ndimu, akaepuliwa. Kisha Bi Tabu akakaa mbele yake na mikono mapajani. Kazi ngumu alizowahi kufanya ni nyingi, amewahi kupika biriani la watu wa misikiti miwili kwenye mvua, lakini kumtazama samaki akipoa na wewe huna ruhusa ya kuwasha jiko, hiyo hajawahi kuiona. Mara mbili mkono ulikwenda wenyewe kwenye kiberiti. Mara mbili Farida akasema, "Bibi," na mkono ukarudi.

Samaki alipopoa, akamchambua kwa vidole, mwiba mmoja usipite. Vile vitu vya kufanya kwa kwa kwa vilimsumbua kidogo. Akakata tango vipande vya punje, akatoa mbegu zake ili lisitoe maji. Akakata kitunguu, akakiosha kwa chumvi kiache ukali. Mtoto akasema kule dukani kuna kitu kingine chachuchachu, asichokijua jina. Bi Tabu akaenda kabatini, akatoa chupa ya achari ya embe aliyoiweka mwenyewe juani, akakatakata kidogo humo. Pilipili manga. Mayonizi ya Mangi kijiko kwa kijiko, akikoroga na kunusa, akikoroga na kunusa, uso umekunjwa kama anayempaka dawa mtu asiyempenda. Bakuli likafunikwa, likaenda kwa Mama Theonest.

Kabla ya magharibi Mama Theonest akapiga hodi.

"Bi Tabu, wateja wangu wamerudisha barafu. Wanasema ubuyu una shombo."

"Waambie ni ubuyu wa Msasani."

"Nimewaambia. Wawili wakaongeza."

Jumapili Bi Tabu aliamka, akaswali, akachemsha chai ya rangi yenye mchaichai, akaenda kulichukua bakuli. Kabla mtoto hajaamka akachota kidogo, apime chumvi. Mpishi hampi mtu asichokionja. Akaweka juu ya kipande cha slesi, akafumba macho, akatafuna.

Akafumbua. Akatafuna tena, polepole. Akanywa chai.

Akakumbuka asubuhi za utoto wake, samaki wa jana aliyebaki chunguni, mama yake akimminyia ndimu na kukatia kitunguu, wanakula na mkate na chai ya rangi, mlango umefungwa jirani asiwaone. Hakuna chakula cha siku kilichokuwa kitamu kama kile, na hakuna aliyekisifia, maana kilikuwa ni kiporo.

"Kumbe," akasema peke yake jikoni. "Kumbe wanauziwa kiporo."

Farida alikula moja. Akala ya pili. Alikula kwa mkono wa kulia, haraka, hakungoja kitu, na mayonizi ikamkaa puani. Bi Tabu alimtazama mpaka machozi yakamlenga, ndipo mtoto akasema neno lililomkalisha chini.

"Bibi, ule wali na pweza uliopika tena jana usiku, upo?"

"Upo chunguni, umelala. Ngoja nikupashie."

"Usipashe," Farida akasema mbio, kisha akaona aibu. "Naomba hivyohivyo."

Akaletewa hivyohivyo. Akala wali na pweza baridi mpaka sahani ikaonekana maua yake.

"Mume wangu," Bi Tabu akasema, "kwa nini siku zote hizi ulikuwa huli?"

Farida akatazama chini. "Chakula chako ni cha moto sana, bibi. Na baba kasema kupuliza chakula ni adabu mbaya, na kusema chakula cha watu ni cha moto pia ni adabu mbaya. Nikawa nasubiri kipoe. Kikipoa, unakipasha."

Usipulize chakula. Nani alimfundisha Abdulrahman hilo, kwa mwiko, hapahapa mkekani, kama si Bi Tabu mwenyewe? Na ni yeye huyohuyo anayeshika kuwa kumpa mgeni cha moto ndiyo heshima. Adabu yake mwenyewe ilikwenda Msasani, ikazaa, ikarudi kumshindisha mtoto njaa.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka Mama Theonest akaja kuuliza kulikoni, naye akaambiwa, naye akakaa chini.

Abdulrahman alifika jua likiwa bado changa. Hakuvua hata viatu. "Shikamoo, mama. Begi lake liko wapi?"

"Marahaba. Kaa kwanza. Kula." Akamwekea sahani ya sandwichi na kikombe cha chai. Abdulrahman akauma, akasimamisha taya, akaitazama ile sandwichi, akauma tena kwa pupa.

"Mama, hii umeagiza wapi? Inaishinda ya pale kwetu."

"Kitendawili," Bi Tabu akasema.

Abdulrahman akacheka mdomo umejaa. "Mama, nina haraka."

"Kitendawili, Abdulrahman."

Mtu hata awe na gari, mama yake akimtegea lazima ajibu. "Tega."

"Mgeni wangu kalala kati ya magodoro mawili, kajifunika shuka nyeupe. Ukimpasha moto, analia."

Abdulrahman akamaliza ya kwanza, akachukua ya pili. "Mgonjwa wa homa."

"Siye."

Farida alikuwa kajifunika kanga usoni, mabega yanacheza.

"Mtoto mchanga kwenye neti." Akauma. "Maiti, Mungu aepushe." Akauma tena, mayonizi ikamdondokea kidevuni. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Msasani."

"Msasani sina kazi nayo, huko samaki wanabadili majina."

"Basi Dubai."

"Dubai ninayo tayari, kanipa mwanao."

"Unataka upi, mama?"

"Nataka Tandika. Na wote waliomo humo leo, mpaka shule zifunguliwe."

Abdulrahman akamtazama mama yake. Akamtazama Farida, mashavu yake, sahani yenye maua mbele yake, punje ya wali iliyogandia kidevuni. Akatazama kipande kilichobaki mkononi mwake, na taratibu uso ukamfunguka.

"Chukua," akasema. "Tandika yako. Umenitegea nilichokuwa nakila."

"Nilikwenda Tandika," Bi Tabu akaanza kwa furaha, tayari anainuka, "nikamkuta mwanangu kachoka na njia, hajapata kitu cha maana tumboni." Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la uji wa mchele wa nazi uliokuwa bado unapiga mapovu, akalitua mapajani mwa mwanawe.

Abdulrahman akautazama moshi. Akavuta pumzi, midomo ikajikusanya, akakumbuka aliko, akaiachia. Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasubiri.

Farida akamsogelea sikioni.

"Usisubiri sana, baba," akanong'ona. "Akiona uji umeacha kufuka, anaupasha."