Kambare wa Bi Kalpana

Jumapili ya mwisho ya Machi 2003 ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Bi Kalpana alikuwa ameniambia wazi: vua kambare mmoja, awe hai, nimwone kwa macho yangu na nimpige picha kabla mwezi haujaisha, kazi ni yako. Usipompata, nitamwajiri mwingine. Nilikuwa nimeshakwenda Jumapili tatu na sikupata hata mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda bwawa. Liko hapa London, kupita Queensbury, upande wa Stanmore, mahali palipochimbwa udongo wa matofali zamani. Mume wa Bi Kalpana alilikodi miaka mingi kabla hajafa, na yeye ndiye aliyetia humo kambare wa Kimarekani, wale wenye madoadoa na mkia uliogawanyika. Watu hununua tiketi ya mwaka, huvua, humpima samaki, kisha humrudisha majini. Ndivyo Waingereza wanavyovua. Bi Kalpana mwenyewe, mzaliwa wa Kisumu, hajatia nyama wala samaki kinywani tangu azaliwe, na langoni ameweka ubao wenye sheria moja kwa herufi kubwa: anayeua samaki anatoka na harudi tena maisha.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali. Januari bwawa liliganda, na wanachama wakaanza kusema kambare wamekufa wote. Baadhi yao walitaka kuhamia kwingine. Ndiyo maana alimtaka mmoja aliye hai.

Niliitaka sana kazi ile. Nilipakia mizigo uwanja wa ndege miaka kumi na tisa mpaka mgongo ukakataa. Cheti sina, shule niliiacha darasa la sita, Wete. Miezi kumi na minne nilikuwa nyumbani, nafungua friji bila kutaka kitu, nafunga, nafungua tena. Mke wangu Mardhiya alifika mahali akaniambia, "Hussam, toka. Nenda popote. Unanizungusha kichwa."

Siku ile nilikwenda na kaka yangu Amir. Sikumkaribisha, alivaa viatu akakaa garini. Amir ndiye mkubwa wetu, amenizidi miaka tisa, na baba alipokufa ndiye aliyenilea. Alikimbia Pemba baada ya machafuko ya 2001, na mwaka wa pili sasa alikuwa chumba cha nyuma kwangu akisubiri barua ya Home Office ya kumruhusu kubaki. Maisha yake yote alikuwa mvuvi. Hapa London alikuwa akisali, akichungulia dirishani, na kumuuliza mleta barua kwa Kiswahili kama kuna chochote.

Saa zilikuwa zimesogezwa mbele usiku ule. Njia nzima alilalamika. "Watu gani hawa? Wanaiba saa nzima watu wamelala, na hakuna anayekwenda polisi."

Tulifika saa nne. Jua lilikuwa limewaka siku ya pili mfululizo, na upepo ulikuwa unatoka kusini-magharibi. Nilichagua ukingo wa mbali, ule ambao upepo unausukumia maji ya juu yaliyopata joto. Nilifunga ini la kuku kwenye ndoana kwa uzi, lisichopoke wakati wa kurusha, nikarusha mbali nilivyoweza. Nikaiweka fimbo ya kuvulia kwenye panda yake, nikafunga kengele ndogo kwenye ncha.

"Hiyo nini?" Amir akauliza.

"Kengele. Samaki akivuta, inalia."

"Kwani samaki wa huku anapiga hodi?"

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Bi Kalpana alisema angekuja saa nane.

"Tukimpata tunamrudisha," nikamwambia.

"Tunamrudisha wapi?"

"Majini."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hussam, bwana we! Mzaha umeuanza uzeeni."

Niliona kwamba hakuniamini. Ningemweleza tena, na ningemwonyesha ubao. Sikufanya hivyo. Macho yangu yalikuwa kwenye kengele, na kila dakika nilikuwa natazama saa.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Nilibadilisha chambo mara nne. Nilihama nikaenda kwenye matete, nikarudi. Ng'ambo ya bwawa palikuwa na wanaume wawili na hema lao la kijani, wamekaa kwenye viti bila kutikisika kama watu waliosahauliwa pale. Mimi nilikuwa nimeshakanyaga majani ya ukingo ule mpaka yakageuka tope.

"Kaa chini," Amir akasema. "Unawatisha."

"Nani?"

"Samaki. Na mimi pia." Akaichukua fimbo bila kuomba, akaukusanya uzi wote. "Wewe unamtupia yule Mzungu wa ng'ambo. Samaki hayuko huko. Yuko hapa, kwenye maji ya magotini, anaota jua kama mzee."

Akaitoa kengele akanipa mkononi. Alirusha hatua tano tu kutoka ukingoni, akachuchumaa, akaulaza uzi kwenye kidole cha shahada. Mwaka na nusu sikuwa nimemwona ametulia namna ile.

Saa saba na nusu kidole kilicheza. Amir alingoja. Kikacheza tena, akavuta mara moja, na fimbo ikainama mpaka majini.

"Mkubwa," akasema.

Alivuta bila haraka, akimpa uzi na kumnyima. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Kambare alipofika ukingoni nilimtia kwenye wavu: kilo nne hivi, kijivu, madoadoa ubavuni, sharubu zinacheza. Mzima kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba kamera na mkeka wa sponji wa kumlazia nilikuwa nimeviacha garini.

"Mshike kwenye wavu hapo hapo, usimtoe majini," nikamwambia, nikakimbia na mgongo wangu mbovu.

Sikukaa dakika nne. Niliporudi, Amir alikuwa ananawa mikono. Kambare alikuwa kwenye majani, kichwa kimepasuka kwa jiwe. Pembeni yake miiba mitatu ya mapezi ilikuwa imepangwa mmoja baada ya mwingine, imevunjwa kwa koleo yangu ya kutolea ndoana.

"Nimeshamtengeneza," akasema. "Ana miiba kama hongwe wa baharini kwetu. Unakumbuka mkono wa ami yetu ulivyovimba? Hongwe humgusi kabla hujamvunja miiba."

Kwetu mtoto wa miaka sita anajua hilo. Ningekuwa sijakaa huku miaka ishirini na nne, mkono wangu ungefanya vilevile.

"Umemuua!"

"Ulitaka nimbusu?"

"Kaka, nilikwambia tunamrudisha! Kazi yangu ni huyo!"

Akanitazama vizuri. Nikaona uso wake unabadilika taratibu. "Kumbe hukuwa unafanya mzaha," akasema.

Wakati huo Bi Kalpana alikuwa ameshapita langoni. Alikuja akifuata ukingo, amevaa buti za mpira na jaketi la marehemu mumewe lililomfika magotini. Amir akanisogelea akasema, wala hakushusha sauti, "Mwambie mama wa Kihindi tumemkuta anaelea. Mwambie baridi imemuua."

Sikuwa nimemwambia kwamba mama huyo alizaliwa Kisumu.

"Mzee," Bi Kalpana akasema, "baridi haitumii koleo."

Bi Kalpana akachuchumaa, akamgusa samaki ubavuni kwa vidole viwili, kisha akavipangusa kwenye majani muda mrefu.

"Yupo huyu, basi wapo wengine," nikasema. "Hawakufa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Na wanachama niwaonyeshe nini? Maiti?" Akasimama. "Nani amemuua?"

"Kaka yangu. Lakini mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye niliyemwacha peke yake."

"Sikuulizi hayo. Nakuuliza hivi: kama ningekupa kazi leo asubuhi, na mtu akaua samaki mbele yako, ungemfanya nini?"

Jibu alilijua, na mimi nililijua. Liko ubaoni. Nilimtazama Amir. Alikuwa amesimama na mikono yenye maji, hana pa kuifutia. Maisha yangu yote sijawahi kumwamuru. Hata chumvi mezani namwomba.

Nikalisema haraka, lisije likanikwama. "Kaka, huruhusiwi hapa tena. Toka."

Alijifuta mikono kwenye suruali, kushoto kisha kulia. "Haya, bwana mlinzi," akasema. Hapakuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. Ningefurahi angenitukana.

"Kanisubiri garini. Ufunguo huu hapa."

"Sikai garini kama mbuzi wa kuuzwa. Nitapanda basi."

"Basi gani? Hujui basi lolote."

"Nimetoka Pemba mpaka kwako, na hukunionyesha njia."

Akaenda. Alipita chini ya ubao bila kuutazama, kwani hata angeutazama asingeweza kuusoma.

Bi Kalpana alilitazama lango mpaka likajifunga. "Angekuwa kaka yangu," akasema, "sidhani kama ningeweza."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

"Kwa sababu mlinzi wa kwanza hakuweza, na aliyeua samaki alikuwa mpwa wake tu." Akatoa funguo mbili mfukoni, akanipa. "Kambare wapo, hilo linanitosha. Unaanza sasa hivi. Unafunga saa kumi na mbili. Bwawa haliachwi bila mtu hata dakika moja. Na wale wa hema waulize tiketi mpya. Huyu mzike pale uzioni, shimo refu, mbweha wasimfukue."

Alikwenda kwenye kibanda akaniletea sepetu. Sikuhisi chochote. Kazi niliyokuwa naiota usiku nilikuwa nayo mfukoni.

Nilichimba karibu na uzio. Mgongo uliuma kila nilipoinama. Uzio wenyewe ulikuwa wa nyaya tu, na barabara ilikuwa nyuma yake, na niliponyanyua kichwa nikamwona Amir kituoni. Alikuwa amesimama upande usio wake. Kurudi kwetu ilikuwa lazima avuke barabara. Basi lilikuwa linakuja, na kwa mbele lilikuwa limeandikwa Watford.

"Kaka! Siyo hilo! Vuka!"

Alinisikia. Akageuka, akainua mkono kwa upole kama mtu anayeagwa vizuri, akapanda.

Simu hakuwa nayo. Kiingereza alichojua ni kushukuru tu. Anwani yetu alikuwa ameandikiwa na Mardhiya kwenye karatasi, na karatasi ile nilijua iko katika koti jingine, kwa sababu ndimi niliyelitundika.

Nilimtia kambare shimoni, nikamfukia kwa miguu, nikakimbia langoni. Bi Kalpana alikuwa anafungua mlango wa gari lake.

"Unakwenda wapi? Nimekwambia bwawa haliachwi."

"Amepanda la Watford."

Akageuka kutazama barabara. Nilimtia funguo zake mkononi. Alisema kitu, sijui nini, nilikuwa nimeshawasha injini.

Basi nililipata kwenye taa za pili. Katikati yetu palikuwa na magari matatu. Lilipokata kona kwenye mzunguko nikamwona ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele kabisa nyuma ya kioo, kofia imekaa sawa, anaitazama njia kama nahodha.

Nikapiga honi. Hakugeuka. Nikapiga tena.