Sekunde Kumi za Akech

Jumatano saa nne asubuhi, katika shule moja ya msingi Kariobangi, mchezo wa hesabu kwenye kishikwambi ulimuuliza Akech, mtoto wa miaka tisa, saba mara nane ni ngapi. Swali lilisomwa kwa Kiingereza. Akech alilipeleka kwenye Kijaluo, akahesabu saba saba kwa vidole, na alipokuwa akilirudisha jibu, sekunde kumi za kujibu zikaisha. Akaingia ndani ya kishikwambi. Alionekana ameketi chini mbele ya kioski cha kuchorwa, sweta yake ya kijani ikiwa na tundu lile lile kwenye kiwiko.

"Niaje, Akech! Umehepa hesabu ukaingia ndani yake?" jirani yake wa dawati alimcheka.

Mwalimu Gordon alimwandika kuwa yupo.

Adhuhuri mama yake, Anyango, alifika. "Mwalimu, atakula nini huko?"

"Kuna kioski, Mama Akech."

Anyango aliinamia kishikwambi, akasikiliza. "Anasema hamsini na sita. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Lakini amechelewa."

Aliyeubuni mchezo, Nzilani, aliitwa. Sekunde kumi alikuwa amezipima mwenyewe, ofisini, kwa watoto wa wafanyakazi wenzake, ambao hata nyumbani huzungumza Kiingereza. Utotoni mwake, Shauri Moyo, yeye pia alihesabu kwanza kwa Kikamba, na mwalimu wake alikuwa akimngoja. Wakati wa kupima hakulikumbuka hilo.

"Hajakosea," Anyango alimwambia.

"Hajakosea, mama. Nimekosea mimi."

Jioni Nzilani alimwomba mkurugenzi wake, Muoki, ruhusa ya kuiondoa saa ya mchezo.

"Wameingia wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kati ya elfu nne? Hiyo haifiki hata asilimia moja, Nzilani. Shule zinaupendea mchezo hiyo saa."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nzilani alitafuta la kumjibu. Lilipomjia, Muoki alikuwa ameshaingia kwenye mkutano mwingine.

Aliruhusiwa kuongeza benchi. Alilichora kwa siku mbili, la mbao, lenye egemeo, na watoto kumi na mmoja wakaketi, nafasi nyingi ikabaki. Kisha akampelekea Anyango aone. Anyango alimtazama bintiye akihesabu, miguu ikining'inia, akashukuru kwamba sasa hakai chini.

Halafu akauliza kwa nini benchi limefanywa refu hivyo.