Utosi wa Beatus

Mama Balbina hakuupenda mti ule tangu siku ya kwanza alipoonyeshwa. Ilikuwa Jumapili ya Aprili, misa ya kwanza imekwisha, yeye amekaa kwenye baraza lake la udongo huko Lumemo, miguu iliyovimba ameinyoosha juu ya gunia, na jirani yake Nyamizi amemshikia simu mbele ya uso kwa sababu mikono ya mama siku hizi haitulii. Ndani ya simu alikuwemo Beatus, mwanawe pekee aliyebaki hai, anatembea chini ya miti iliyofunikwa maua meupe yenye wekundu kwa mbali, jani hata moja hakuna. Chini ya miti watu wametandika mikeka ya plastiki, wanakula na kucheka kwa adabu.

Beatus akaeleza kwamba huko Japani ndiyo baridi inaondoka, kila kitu kinachipua, na watu wametoka kuangalia maua kwa sababu hayamalizi hata wiki mbili. Mama akauliza mti huo unazaa nini. Akaambiwa hauzai kitu cha kula, ni wa kuangalia tu. Basi ndiyo akauchukia kabisa. Mti hauzai, unapukutika kabla hujauzoea, halafu watu wazima na akili zao wanautandikia mkeka! Hapa Lumemo Aprili ni mto kuja hadi mlango wa choo, ni matope ya magotini na vyura kuimba ndani ya ndoo. Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake kwenda kuiangalia Aprili.

Beatus alikuwa ametimiza miaka sita huko. Alisomea uuguzi, akapata nafasi ya kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, katika mji ambao mama alishajaribu kulitamka jina lake akaacha. Kazi yake ni kulisha wazee, kuwageuza kitandani na kuwaogesha. Baba yake, mzee Donati, alizikwa mwaka wa tatu wa safari hiyo, na Beatus aliyaona mazishi kupitia simu iliyoshikwa na mtu mwingine, tena mtandao ukakatika kabla ya udongo kuisha. Mama hakumlaumu. Aliwaambia watu kwamba mtoto yuko kazini.

Na Mungu naye ana mizaha yake, maana huyu Beatus alikuwa mtoto asiyeoga. Ukimtuma mtoni kabla ya misa, atalowesha vidole vya miguu, atapakaa maji usoni, arudi mbio. "Nimeoga, mama," atasema, polepole, sauti ikishuka mwishoni kama mtu anayeweka mzigo chini. Mama alikuwa haangalii hata magoti yake. Akiisikia tu sauti ile, anamvuta sikio moja kwa moja hadi majini. Leo mtu huyo huyo anawaogesha wazee wanane kwa zamu moja, na anawasugua visigino.

Jumapili ile alikuwa na habari ya bibi mmoja wa pale kazini, jina lake Tomiko, umri wake miaka themanini na tisa. Bibi huyu ana mtoto wa kiume anayeishi umbali wa saa moja kwa treni. Kila maua yakitoka, mtoto huja kumchukua mama yake, wanakwenda kuyaona, anamrudisha jioni, basi, mpaka mwaka unaofuata. Mwaka huu aliandika kwamba amehamishiwa ofisi nyingine. Huko kwao Aprili ndiyo mwanzo wa kila kitu, shule na kazi, vijana wote wamevaa suti nyeusi zinazofanana, kwa hiyo hatapata nafasi. Akatuma boksi la vitu vitamu, limefungwa utepe. Bibi Tomiko alishinda siku nzima kwenye kiti na koti lake na kofia yake kichwani, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwelewesha kwamba mtu haji. Ndipo Beatus, siku yake ya mapumziko, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye miti. Na njia nzima bibi alikuwa akimwita kwa jina la mwanawe.

Beatus alilisimulia jambo hili kama kichekesho kidogo. Mama Balbina halikumchekesha. Alimwona yule bibi na kofia yake, akamwona na mtoto mwenye suti, na mdomo wake, ambao tangu ujana haukuwahi kuwa na breki, ukafunguka.

"Mtoto anayewaachia watu baki wamuogeshe mama yake," akasema, na kiganja chake kikalipiga baraza, "na yeye azeeke hivyo hivyo. Asishikwe mkono na damu yake."

Kule kwenye simu Beatus alisimama. Picha ikateremka ikaonyesha viatu vyake na ardhi iliyojaa maua yaliyodondoka.

"Sawa, mama," akasema. Akaongeza kwamba anawahi kazini, ingawa alikuwa ameshasema leo hana zamu, na simu ikakatika.

Nyamizi aliifuta simu kwa ncha ya kanga yake. Bila kumtazama akauliza, "Mama Beatus, umemsema nani?" Hakungoja jibu. Akaenda jikoni kuleta maji ya moto, kwa sababu ulikuwa muda wa kumuogesha mama.

Hapo tena ndipo ilipomwingia. Alikuwa uchi juu ya kigoda nyuma ya nyumba, Nyamizi anamsugua mgongo, Nyamizi Msukuma asiye ndugu wala ukoo, ambaye mume wake yuko na ng'ombe upande wa Malinyi. Mwaka walipohamia hapa, Balbina ndiye alikuwa wa kwanza kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema hawa watu na mifugo yao watatumalizia mpunga. Sasa mikono ya mtu baki ilikuwa inamwosha makwapa taratibu, na yule mtoto aliyelaaniwa hakuwa Mjapani yeyote mwenye suti. Mama Balbina akaanza kutetemeka. Nyamizi akadhani ni baridi, akamfunika.

Wengine mtasema ni maneno tu. Kwa Balbina hayakuwa maneno tu. Bibi yake, aliyemlea kule Mahenge, alimfundisha kwamba neno la mama lililosemwa kiganja kikiwa ardhini halirudi lenyewe. Linarudishwa na yule yule aliyelisema: anatia maji mdomoni, mtoto anainama mbele yake, anampulizia utosini, na utosi ulowe. Hakuna njia nyingine. Hakuna barua, hakuna mtu wa kuwakilisha. Alimweleza Wendelin, katekista, alipopita kumjulia hali. Wendelin akamwambia kwa upole kwamba Mungu hafanyi kazi hivyo, asali rozari na atulie. Mama alishukuru, akasali rozari, hakutulia. Na Alhamisi ukaja ujumbe kwamba Beatus amelala na homa siku mbili, peke yake chumbani. Siku hiyo mama alikirudisha chakula kama kilivyokuja.

Jumapili iliyofuata hakwenda hata kanisani. Alikaa barazani tangu asubuhi, amevaa gauni lake la sikukuu, kikombe cha maji pembeni. Nyamizi alipoishika simu na uso wa Beatus ukatokea, mama aliona amepungua. Alikuwa chumbani kwake, chumba chenyewe kidogo kiasi kwamba kitanda na jiko vilikuwa vinatazamana. Aliamkia, shikamoo mama, marahaba baba, homa imekwisha, mvua imenyesha na maua yote yamepukutika. Mama akamkatisha akamuuliza anakuja lini.

"Nimesaini tena, mama," Beatus akasema. "Miaka mitatu. Nilitaka kukwambia Jumapili ile."

Mama aliitazama miguu yake juu ya gunia. Ile miguu haikuwa ya kungoja miaka mitatu, na wote watatu walijua.

"Yule mtoto uliyemsema," Beatus akasema, "ni mimi."

"Najua. Nataka neno langu lirudi. Inamisha kichwa, baba."

Beatus hakubisha, hakuuliza. Alikuwa mtoto wa nyumba ile na alijua kinachofanyika. Aliegemeza simu kwenye kitu, akapiga magoti sakafuni, akainama mpaka uso wake ukapotea na kikabaki kichwa peke yake. Hapo mama akaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Pale utosini palikuwa na upara, duara kubwa kama mdomo wa kikombe, mahali pale pale ulipoanzia wa marehemu Donati. Miaka sita ameutazama uso wa mtoto huyu kila Jumapili na hakujua kwamba anazeeka kwa juu. Ilimuuma kuliko habari ya miaka mitatu.

Akakichukua kikombe kwa mikono yote miwili. Nyamizi alitaka kusema kitu kuhusu simu na maji, akachelewa. Mama akajaza mashavu, akasogea, akapuliza kwa nguvu zote zilizobaki kifuani mwake. Maji yakatapakaa juu ya utosi ule, yakashuka mpaka kwenye vidole vya Nyamizi. Kichwa cha Beatus kikakatikakatika, kikawa mistari ya kijani, kisha simu ikawa nyeusi.

Nyamizi aliipangusa, akaitikisa, akaibonyeza kila mahali. Akaingia ndani akarudi na ndoo ya mchele, akaizika simu humo mpaka isionekane, kama wanavyofanya watu wote wa bonde hili simu ikilowa. Mama alimtazama tu. Baadaye akasema, "Lile neno la watu baki lilinitoka."

"Lilikutoka," Nyamizi akajibu, akaendelea kusawazisha mchele kwa kiganja.

Walikaa. Mvua ilianza, ikaacha. Hakuna aliyejua kama maji yale yalikuwa yamefika au yameishia hapa hapa barazani, na mama alikuwa ameshaanza kuamini kwamba ameharibu mara mbili, neno na njia ya kulirudisha, pale kitochi cha Nyamizi, simu yake ndogo ya vitufe, kilipoita mfukoni mwa gauni lake. Ilikuwa Beatus, namba yake ndefu ya kule. Nyamizi alisikiliza, akakiweka sikioni kwa mama.

"Mama amemaliza?" sauti ilikuwa inauliza, ikidhani bado inaongea na Nyamizi. "Naona kimya. Nilikuwa bado nimeinama."

Muda wote ule, nusu saa nzima, mtoto alikuwa magotini kwenye kile chumba.

"Ni mimi," akasema. "Nimemaliza. Utosi ulilowa?"

Kule hapakuwa na sauti ya mtu mwingine yeyote.

"Umelowa, mama," Beatus akasema, polepole, sauti ikishuka mwishoni.

Aliijua sauti ile. Aliijua kabla hata neno halijaisha, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe kutoka kwenye gauni, ukatafuta sikio la kuvuta, ukashika kitochi cha Nyamizi tu.

"Haya, baba," akasema. "Jifute, homa isije ikarudi."