Glasi Kumi na Sita Nisizokunywa

Mimi kazi yangu ni kuuza kampani, na sioni haya kusema. Mwanaume anakuja baa ya Dao Ruang, nyuma ya stesheni ya treni ya Udon, anakaa, ananinunulia glasi, tunaongea, anarudi kwake. Glasi yangu moja ni baht mia na hamsini. Hamsini yangu, mia ya baa. Kila glasi ina kikaratasi chake, na kikaratasi kinatiwa kwenye kikombe cha mwanzi mbele ya mteja, aone mwenyewe kinavyojaa. Mteja akikiamini kile kikombe, na wewe anakuamini. Asipokiamini, nenda kauze papai.

Mzee Thawin alikuwa dereva wa treni, amestaafu, mkewe amefariki. Siku ya kwanza hata jina langu hakuuliza. Alisema, "Niambie bei kabla sijakaa, nisije nikaisikia wakati wa kusimama." Nikamwambia. Miaka miwili ikapita hivyo, kila Alhamisi saa tisa alasiri: glasi mbili zangu, bia moja yake, basi. Alinisimulia habari za mkewe mpaka nikajua samaki alikuwa akiwakaanga vipi. Mimi nina miaka arobaini na minne. Wateja wanaonichagua mimi na kuwaacha akina dada wadogo wenye nyonga zao ni wachache, hawajai kiganja, na yule peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza na mimi.

Sasa njoo kwa Madam Kimlang, mwenye baa, mwanamke wa dhahabu shingoni na tabasamu la dukani. Mzee Thawin akienda msalani, na mzee wa umri ule lazima aende, Madam anapita na kitambaa kufuta meza. Meza yenyewe safi. Akiondoka, kikombe kina vikaratasi viwili zaidi, na nyuma ya kila kimoja kaandika jina langu. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokiona kwanza ni kwamba mwisho wa mwezi fungu langu lilikuwa limenenepa.

Wiki ya nane ya vikaratasi hivyo, Mzee Thawin alisimama kaunta akauliza, kwa upole, mbona kikombe kinajaa kuliko koo la mtu. Mimi nilikuwa jikoni nachukua barafu, nikasikia kila neno. Madam akacheka akamwambia Jin, yaani mimi, ndiye anayeagiza, ana shida nyingi yule, lakini moyo mzuri, umsamehe tu mzee wangu. Nilipotoka na ndoo ya barafu mzee alikuwa ameshalipa. Aliniangalia mara moja. Akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kama unavyomuaga mtu usiyemjua, akaenda. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Nilimfuata Madam nikamwambia amenipaka mavi. Akanijibu huku anahesabu chenji, "Nani atakuamini wewe? Wewe si ndiye unayelipwa kwa kila glasi?"

Nikarudi kwenye meza zangu. Watu walidhani nimemezea. Sikumezea kitu. Kila asubuhi nilipofagia nilichokoa pipa la nyuma ambamo vikaratasi vya miezi yote hutupwa, nikatoa vikaratasi vyenye jina langu, kila kimoja na jina la mteja na tarehe. Nikatenga vile vya mwandiko wa Madam, ambavyo glasi zake hazikunigusa mdomo. Vya Mzee Thawin kumi na vinne. Vya fundi matairi tisa. Vya karani wa posta sita. Usiku nalala navyo chini ya mto, namfikiria Madam na shingo yake, na nalala vizuri kabisa.

Nilikuwa nasubiri sikukuu ya kuchangia hekalu. Mwaka huu mfadhili mkuu alikuwa yeye. Kaajiri ngoma, kapika sufuria kumi za mchuzi, kavaa lesi nyeupe, kaketi safu ya mbele miguu kaikunja kama malaika, watawa tisa mbele yake. Mji mzima ulikuja, na Mzee Thawin naye, maana majivu ya mkewe yamehifadhiwa kwenye ukuta wa hekalu. Nilimwona nyuma kabisa karibu na nguzo.

Na kwetu mchango hautolewi kimyakimya. Unatia pesa kwenye bahasha, unaandika jina na kiasi juu yake, na Mwalimu Samran anaisoma kwenye spika mpaka walio sokoni wasikie. Mwalimu macho yamechoka. Anasoma kilichoandikwa, hata ukikosea anakosea na wewe. Na kila jina likisomwa watu wote wanainua viganja wanaitikia sathu, yaani tumeifurahia thawabu hiyo. Huwezi kukataa kuitikia, utaonekana mtu wa husuda mbele ya watawa.

Bahasha zangu zilikuwa tatu. Nilizichomeka katikati ya rundo.

Mwalimu akasoma mkulima mmoja, baht mia mbili. Sathu. Akasoma familia ya muuza barafu, mia tano. Sathu. Kisha kwa sauti ileile ya kusinzia: "Bwana Thawin, glasi kumi na nne alizolipishwa katika baa ya Dao Ruang na hazikunywewa, fungu la mhudumu baht mia saba. Thawabu zimwendee Madam Kimlang."

Watu mia tatu wakasema sathu kabla hawajaelewa. Madam viganja vyake vilikuwa bado viko juu, hakujua avishushe au avibakishe. Mwalimu keshachukua bahasha nyingine: fundi matairi, glasi tisa. Safari hii sathu ilikuja polepole, na ikaja na vicheko. Shingo ile ilikuwa nyekundu mpaka dhahabu haionekani. Nilitaka siku ile isiishe.

Ndipo Mzee Thawin akasimama pale kwenye nguzo. "Zilikuwa kumi na sita," akasema.

Fundi matairi naye akasimama, akasema zake ni kumi na moja. Watu wakaanza kuitisha bahasha na kalamu. Madam Kimlang alitoka kwa magoti kupitia mlango wa pembeni, maana mbele ya watawa hupiti wima, lesi imechafuka matope, na hakuna aliyemwinamia.

Mzee nilimkuta nje kwenye ngazi anatafuta viatu vyake. Moyo ulikuwa unanidunda kama msichana.

"Kwa hiyo ulikuwa unahesabu," nikamwambia.

"Tangu Alhamisi ya kwanza. Nililipa nisikuaibishe. Nikajua una shida." Akavaa kiatu kimoja. "Hizi mia saba za leo, Jin, umezitoa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ni fungu langu la glasi zile.

"Ulilipwa lini?"

"Nusu mwisho wa mwezi ule wa mwanzo. Nusu mwezi uliofuata."

"Na mwezi ule wa mwanzo, ulipoona zimezidi?"

Nikamwambia mama yangu alikuwa anahitaji pesa za kung'oa meno. Nikamwambia nilidhani ni bahati. Nikamwambia nilinyamaza.

Alivaa kiatu cha pili, akakifunga kamba taratibu. "Nilikuomba bei kabla sijakaa. Hiyo hukuniambia," akasema, akaenda zake kwenye baiskeli.

Nyuma yangu mle ukumbini Mwalimu Samran alikuwa anasoma bahasha mpya moja baada ya nyingine, watu wanaitikia kwa nguvu, na mimi sikuweza kuitikia.