Sauti ya Dada

Gari lilikuwa la kazini kwa Mjomba, la kubebea mafriji mabovu, na kila aliyepanda alijikunyata asichafue nguo za sherehe. Mjomba ndiye aliyeendesha na ndiye aliyezungumza pia, maana mtu yule ukiona amenyamaza ujue kalala. Pembeni yake alikaa Shemeji, fundi bomba mwenye maneno machache, suti imembana mabegani. Nyuma yao alikaa Mama Mdogo peke yake, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na simu mbili, yake na ya dada yake aliyekufa.

Siku hiyo Chiriku, mtoto wa Shemeji na huyo dada, alikuwa anahitimu chuo. Walimpa jina hilo tangu utotoni kwa ajili ya mdomo wake usiopumzika. Alikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kuvaa joho, na mtu pekee wa ukoo huohuo asiyejua kwamba mama yake yuko kaburini.

Watu wazima na akili zao waliwezaje? Waliweza. Dada alianguka jikoni wiki ile Chiriku alipokuwa anaanza mitihani ya mwisho. Kiharusi kilimchukua ulimi kwanza, kisha kikamchukua mwenyewe. Mjomba, kaka mkubwa, ndiye aliyekata shauri msibani. "Mkimwita atafeli," alisema. "Yote aliyojinyima mama yake yaende bure? Mtihani kwanza. Msiba haukimbii." Watu wakaona ni busara. Akili nyingi huondoa maarifa.

Pengine wangemwambia baada ya mtihani na mambo yakaishia hapo, lakini simu ya marehemu ililia waombolezaji wakiwa bado wamekalia mikeka. Mama Mdogo aliipokea ili inyamaze tu. Yeye na dada yake walifanana sauti tangu usichana. Hata mama yao mzazi, akiita na mmoja akaitika, ilibidi achungulie ajue ni yupi. Basi Mama Mdogo akasema haloo, na upande wa pili Chiriku akasema, "Mama, nisamehe."

Ilikuwa hivi. Likizo ya mwisho mama na mtoto waligombana, na mtoto akamwambia mama yake mbele ya wageni kwamba anaona haya kumwita mama. Tangu hapo hawakusemezana. Sasa alikuwa analia kwenye simu, akisema hawezi kusoma, hakuna kinachoingia kichwani. Mama Mdogo akamtazama Mjomba, na Mjomba akaweka kidole mdomoni.

"Nimekusamehe, mwanangu," Mama Mdogo akasema. "Kasome."

Alipokata simu alijiona amefanya jambo jema.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilirefuka. Baada ya mitihani mtoto alipelekwa moja kwa moja kwenye mafunzo ya kazi, mbali, na Mjomba akasema wasubiri amalize. Alipomaliza, siku chache kabla ya mahafali, wasubiri ahitimu. Ndugu na majirani wakaonywa wachunge ndimi zao, wakazichunga. Kila Jumapili simu ikalia, simu ya vibonyezo isiyoonyesha sura ya mtu, na kila Jumapili Mama Mdogo akajifungia chumbani, akakohoa kikohozi cha dada yake, akacheka kicheko chake, akauliza kama mtoto amekula. Ubaya ni kwamba alianza kuzingojea hizo Jumapili. Hakujaliwa kuzaa. Kuitwa mama, bila kile cheo cha udogo kufuatia nyuma, kulikuwa kutamu, na hilo hakumwambia mtu.

"Tunamwambia lini?" aliuliza gari lilipoingia barabara kuu.

"Baada ya picha," Mjomba akasema. "Mtoto apigwe picha akiwa bado na uso wake. Nimeshamtumia ujumbe kwamba mama yake ana mafua, kabaki nyumbani."

"Shemeji, wewe unasemaje?"

Shemeji aliendelea kutazama mbele. "Mimi sikutaka tangu mwanzo," alisema. "Lakini nilinyamaza. Sasa nitasema nini?"

Chuoni palijaa watu na viti vya plastiki. Chiriku alikuja mbio, joho limemzidi urefu, akamkumbatia baba yake, akamkumbatia Mjomba, akamkumbatia Mama Mdogo, na muda wote huo macho yake yalikuwa yanapita juu ya mabega yao kutazama gari.

"Kweli hakuja?"

"Mafua," wakajibu wote watatu kwa pamoja, na wazee wazima wakaoneana aibu.

"Bado ana kinyongo na mimi," Chiriku akasema. "Kwenye simu ananiitikia vizuri, lakini moyoni bado. Angekuja hata na hayo mafua."

Akaenda kupanga foleni na wenzake, na kila alipogeuka walimwona anajifuta macho. Mjomba akamvuta Mama Mdogo pembeni.

"Mpigie kwa ile simu. Mpongeze, atulie, tupige picha tumalize."

"Kaka, leo siwezi. Yuko hapa hapa."

"Miezi yote hii umeweza, unashindwa na hii moja ya mwisho?"

Akaenda. Hilo ndilo litakalomla mpaka afe, kwamba alikuwa na miguu ya kukataa na akaitumia kwenda. Nyuma ya ukumbi palikuwa na matangi ya maji na lundo la viti vilivyovunjika. Akasimama pale, akageukia ukuta, akapiga.

"Mama!" Kelele za vipaza sauti zilimmeza Chiriku. "Sikusikii vizuri, ngoja nitoke nje."

Mwenye akili angekata simu. Mama Mdogo hakukata, kwa sababu alikuwa ameitwa mama na alijua ni mara ya mwisho. "Hongera, mwanangu," akasema. "Ningekuwa hapo ningepiga vigelegele mpaka wanifukuze. Sina kinyongo na wewe hata chembe. Mimi mama yako nakwambia." Akakohoa kile kikohozi.

Mama Mdogo alisikia mtu anapumua, akaisikia pumzi hiyo mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mgongo wake. Akageuka. Chiriku alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, simu sikioni, kofia ya mahafali mkononi.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika."

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye mtihani."

Chiriku akashusha simu taratibu. Aliyahesabu moyoni mazungumzo yote, hilo lilionekana usoni pake, mpaka akafika kwenye lile la kwanza. "Nilipoomba msamaha," akasema, "nilimwomba nani?"

"Mimi ndiye niliyepokea. Lakini mama yako angeku—"

"Usiongee." Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Mama Mdogo. "Sauti hiyo usinisemeshe nayo tena."

Mama Mdogo akafungua mdomo kusema hana nyingine, akaufunga.

Hawakupiga picha. Chiriku alikaa mbele, katikati ya baba yake na Mjomba, joho limekunjwa mapajani, na kwa mara ya kwanza Mjomba aliendesha gari bila neno. Walikwenda mwendo mrefu hivyo.

"Nani alikuwa naye?" Chiriku akauliza.

"Mimi nilikuwa kazini," Shemeji akasema. "Nilifika ameshafunikwa."

"Mimi nilikuwa kwenye korido ya hospitali," Mjomba akasema. "Aliyekuwa naye mpaka mwisho ni mama yako mdogo."

Kilichobaki cha mama yake duniani kilikuwa kimekaa kiti cha nyuma, na kimekatazwa kusema. Mama Mdogo akasogea mbele, akashika mgongo wa kiti, akajaribu kunong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya mtu. Lakini injini ya gari lile ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia kitu. Mjomba akaegesha kando ya barabara, akazima.

"Mkono wa kushoto ulikuwa bado na nguvu," Mama Mdogo akanong'ona. "Alinishika kidole siku nzima. Nilimpa uji, haukupita."

"Alinitaja?" Chiriku hakugeuka.

Kwenye kioo cha dereva Mjomba alikuwa anamtazama Mama Mdogo na kuitikia kwa kichwa: mwambie ndiyo. Mama Mdogo alikwisha kumtilia marehemu maneno mengi mdomoni, na moja zaidi lisingemwuma marehemu.

"Ulimi ulikuwa umeshafungwa," akanong'ona. "Hakutaja mtu."

"Hata kwa ishara?"

"Nilimuuliza kama tukuite. Akafumba macho."

"Maana yake ndiyo, au hapana?"

"Sijui. Nilimuuliza tena. Akafumba tena."

Malori yalikuwa yanapita, na kila moja lilitikisa gari.

"Kwa hiyo inawezekana alisema ndiyo," akasema, "na hamkuniita."

Akalikunja joho upya mapajani.

"Washa gari, Mjomba."