Korido Iliyozibwa

Ukitaka kujua namna ya kuipoza nyumba, niulize mimi. Nimejenga nyumba miaka arobaini na moja, na katika mtaa huu hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya joto nikamnyima jibu. Muuza barafu wa ng'ambo ya barabara nilimwambia afunge dirisha la mashariki kabla jua halijapanda, asilifungue mpaka alasiri. Alifanya hivyo, na sasa analala mchana bila kujipepea. Bati la mwalimu nililipaka chokaa kwa mkono wangu. Mkewe alitaka kutundika shuka mbichi mlangoni, eti kaona kwenye simu. Nikamwambia shuka mbichi ni ya mahali pakavu. Hapa kwetu hewa yenyewe imelowa, ukiongeza maji utaamka na kuvu kwenye mto.

"Fundi, maneno yako matamu," muuza barafu aliniambia siku moja, "lakini kwako mbona kama tanuri la mikate?"

"Kwangu ni kwangu," nikamjibu.

"Haya, basi chukua barafu mbili ukayawekee hayo maneno yasichache."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Nami nilicheka, maana alikuwa na haki. Kwangu kuna joto kwa sababu kuna ukuta katikati ya korido, na ukuta huo niliujenga mimi mwenyewe, kwa siku moja, nikiwa na hasira.

Nyumba hii tuliijenga wawili, mimi na mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani, mwiko hajui hata unashikwa wapi, lakini kila tofali lililomo humu alilibeba yeye. Niliipanga nyumba kwa ajili ya upepo. Korido moja iliyonyooka, mlango wa mbele unautazama mlango wa nyuma, vyumba pande zote mbili, na juu ya kila mlango matundu ya hewa. Ukiacha milango wazi, upepo uliingia mbele ukatokea nyuma, na njiani ulizoa joto la vyumba vyote. Mimi na mke wangu tulikaa vyumba vya mbele. Yeye, mkewe na binti yao wakakaa nyuma, karibu na jiko. Msimu wa joto ukifika tulitandika mikeka koridoni baada ya chakula cha mchana, watu watano tukalala vichwa upande mmoja, na shemeji yangu alikuwa akikoroma kuliko wanaume wote wawili. Tuliishi hivyo miaka kumi na sita.

Kilichotutenganisha ni moshi. Kuna siku upepo uligeuka, ukaleta moshi wa jikoni mpaka chumbani kwetu, na mke wangu alikuwa na kifua. Nikamwambia mdogo wangu mkewe awe anapikia nje. Akasema nje kunanyesha, apikie wapi, kichwani? Lilikuwa swali la haki. Mimi hasira zikanipanda, nikamwambia, "Hii nyumba nimejenga mimi. Wewe ulibeba matofali tu."

Aliingia chumbani kwake akaufunga mlango polepole, na ule upole ndio ulionichoma zaidi. Kesho yake nikajenga ukuta. Karai moja la saruji kwa makarai mawili ya mchanga, mchanganyiko mgumu wa kujengea tangi la maji. Jioni korido ilikuwa imekatika vipande viwili, moshi umekoma. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba na upepo umekoma.

Miaka tisa ikapita. Mke wangu alikufa, kisha shemeji akafuata, na siku zote mbili za mazishi mimi na mdogo wangu tulipeana mikono kama watu waliokutana kwenye foleni. Yeye anatokea uchochoro wa nyuma, mimi barabara ya mbele. Kati yetu kuna unene wa tofali moja. Nilikuwa namsikia akiwasha redio, akikanyaga cherehani, akiburuta kiti. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini nilikuwa nakula chakula changu koridoni, upande wangu, ili niisikie ile redio.

Mwaka huu joto lilipoanza, nilimwona akishushwa kwenye gari na binti yake, aliyekwisha kuhamia kwake, anatoka hospitali. Mabega yamekuwa membamba. Tangu siku hiyo redio ikapungua, kikohozi kikaanza. Kikohozi kirefu, cha mtu anayetafuta hewa. Na mimi ndiye ninayejua vyumba vile kuliko yeyote: jua la alasiri linavipiga mpaka linazama, dirisha liko upande mmoja tu, hewa haina pa kuingilia. Feni mle ndani inazungusha joto lile lile. Mtu mwenye kifua kibovu, ndani ya chumba nilichokiziba pumzi kwa mikono yangu.

Nilitaka jambo moja tu, nimfungulie hewa kabla joto halijammaliza. Siku mbili zingenitosha kwa kazi hiyo, na kila asubuhi nilijipa sababu ya kungoja. Leo mgongo unauma. Leo nyundo sijui nimeiweka wapi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja aniombe. Nilijua hataniomba, na bado nikangoja. Kiburi hicho nakisema wazi, maana sina tena wa kumficha.

Mara nyingine akikohoa, nami nilikohoa, wala sina kikohozi. Nilitaka ajue niko hapo. Yeye alinyamaza kidogo, kisha akakohoa tena. Sijui kama hayo yalikuwa mazungumzo, lakini kwa siku nzima hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

Jumapili sikushinda nyumbani, na Jumatatu sikumsikia. Nikasema labda dawa zimemkubali. Jumanne asubuhi kimya, adhuhuri kimya. Joto la siku hiyo lilikuwa la kufanya shati ling'ang'anie mgongoni. Nikazunguka uchochoroni, mara ya kwanza kwa miaka tisa, nikabisha mlango wake. Nikaita. Dirisha liko juu, pazia limeshushwa. Nilibisha mpaka kiganja kikaniuma, kisha nikarudi kwangu mbio, mzee wa miaka sitini na nane, nikachukua nyundo na tindo.

Ule mchanganyiko wa hasira ulinitesa. Nilipiga, saruji ikaniangalia. Nilijilaani kwa ufundi wangu mwenyewe, nikasema kwa nini sikuwa fundi wa hovyo kama wale wanaojenga kwa mchanga mtupu, ukuta unasukumwa kwa bega. Muuza barafu akasimama mlangoni.

"Fundi, unajenga nini na jua hili?"

"Nabomoa."

Alitazama uso wangu, akaacha mzaha, akaenda kuniletea maji.

Tofali la kwanza lilitoka usawa wa kifua. Nikaweka mdomo pale nikaita, "Mdogo wangu! Ni mimi!" Sauti ikaenda ikarudi. Nikatoa la pili, la tatu, vumbi limejaa machoni. Nilikuwa nimeshamwona akilini, amelala kitandani, hapumui. Nilipopata upana wa kupita, nikapita na kuchubuka begani, nikakimbilia chumbani kwake.

Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro halipo, cherehani haipo, ukutani imebaki misumari. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Nikakaa kwenye chaga za kitanda nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba hajafa. Halafu nikaelewa kwamba ameondoka, na siku mbili nimekaa upande wa pili wa ukuta bila kujua.

Nilikuwa na namba ya binti yake, maana kila mwaka mpya hunitumia salamu. Nikapiga.

"Baba mkubwa? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mwanangu. Baba yako yuko wapi?"

"Niko naye hapa kwangu tangu Jumapili. Daktari alisema asikae kwenye joto. Kule nyuma hewa ilikuwa haipiti." Hakulisema kwa kunilaumu, ndiyo maana liliniuma. "Tulitaka kukuaga, lakini baba alisema tusikusumbue."

"Atarudi lini?"

"Harudi, baba mkubwa. Ataishi na sisi."

"Mpe simu."

Nilisikia wakinong'ona. Akarudi binti. "Anasema kuongea kunamchosha. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeubomoa ule ukuta."

Akamwambia. Nilingoja nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Anauliza, umebomoa kwa sababu unasikia joto?"

"Hapana. Mwambie nilidhani amekufa." Nikaisogeza simu karibu na mdomo. "Na mwambie nyumba hii tulijenga wote wawili. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Akamwambia, neno kwa neno, nilimsikia.

"Anasema asante," alisema binti.

"Hakusema lingine?"

"Hapana. Amefumba macho. Acha apumzike, baba mkubwa."

Asante. Nilitaka anitukane. Tungetukanana tukafika mahali. Asante ni neno unalompa mtu aliyekupisha njiani, kisha unaendelea na safari yako.

Muuza barafu alikuwa amerudi na jagi la maji, amesimama upande wa mbele wa lile tundu. Pazia la nyuma lilikuwa linapeperuka kwenye nondo za dirisha. Upepo ulikuwa unapita kama nilivyoupanga siku ile ya kwanza, kutoka mlango wa mbele mpaka nyuma, ingawa sasa ulitokea dirishani, na jasho lilikuwa limeanza kunikauka shingoni.

"Lo, fundi!" alisema. "Sasa hapa ndipo pa kukaa."

Nilimwambia ndiyo. Alipoondoka nilitandika mkeka koridoni, nikalala na kichwa upande ule tuliokuwa tukiweka vichwa. Nyumba ilikuwa imepoa kabisa. Ningelirudisha lile joto lote, na ukuta wenyewe ningeujenga tena kwa mikono hii, ili mradi nimsikie mtu upande wa pili.